Meno ya mashine yakishushwa: kujifunza brodri ya mkono huru hapa Goma

Katika vyumba vya ushonaji vya parokia zetu hapa Goma kuna juma ambalo walimu wanalijua vizuri, kwa sababu wanafunzi hupungua. Juma la kwanza halina shida, kila mtu ana hamu. Wakati wa mtihani pia wanakuja. Wanapungua siku mwalimu anaposhusha meno ya mashine na kusema: leo kitambaa utakiendesha wewe mwenyewe. Mama ambaye tayari anashona sketi na shati la mtoto wa shule bila wasiwasi anaona mshono wake umegeuka kuwa kama maandishi ya mtoto wa darasa la kwanza. Uzi unakatika, sindano inavunjika, na akigeuza kitambaa anakuta chini yake kiota cha nyuzi. Kesho yake haji. Ukimuuliza jirani yake, unaambiwa: amesema kazi hii ni ya watu wenye kipawa.

Tumeandika ukurasa huu kwa ajili ya mama huyo, na zaidi kwa ajili ya kamati za parokia zinazopanga masomo haya. Sisi nasi tuliketi kwenye mashine pamoja na wanafunzi kwa majuma kadhaa, ili tusizungumze juu ya jambo tunalolisikia tu. Tulichoona ni kwamba sababu za ugumu huu zinaweza kuelezwa moja baada ya nyingine, na karibu zote ziko katika namna mashine inavyofanya kazi. Mtu akizijua, haendi nyumbani akijilaumu.

Kwanza tuseme kazi yenyewe ni ipi. Mjini watu wanaiita brodri. Biblia yetu ya Kiswahili inaiita taraza, na vitabu vingine vinasema kudarizi. Ni ile mistari ya uzi unayoiona kwenye shingo ya bubu, kwenye vitambaa vya meza, kwenye sare za kwaya. Mikono hiyohiyo hutumika kwa kazi nyingine ambayo kwetu bado ni ngeni kidogo: kuunganisha tabaka tatu, yaani kitenge juu, blanketi kuukuu katikati na kitambaa cha kawaida chini, kisha kupitisha mshono unaozungukazunguka juu ya uso wote mpaka tabaka zishikamane zisiteleze. Kinachotoka ni shuka nzito ya kitanda. Goma iko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,500 na usiku wake ni wa baridi, hasa kwa watoto wanaolala katika nyumba za mbao juu ya mawe ya volkano. Familia nyingi zilizokimbia vita ziliacha blanketi njiani. Shuka ya namna hii inaweza kutoka kwenye mabaki ambayo fundi angeyatupa, na ndiyo maana tunaipenda.

Sasa mashine. Ukiinua mguu wa mashine na kutazama chini yake, utaona vipande vidogo vya chuma vyenye meno. Kila sindano inapopanda, meno hayo huinuka, hushika kitambaa, hukisukuma nyuma kidogo, kisha hushuka na kurudi. Ndiyo yanayopanga urefu wa kila mshono. Fundi anayeshona suruali anafikiri anaongoza kitambaa, na ni kweli kwamba anakinyoosha kushoto na kulia, lakini mwendo wenyewe si wake. Ni wa meno.

Katika brodri ya mkono huru, meno yanaondolewa kazini. Mashine nyingine zina kitufe au skrubu ya kuyashusha. Nyingine, hasa zile nyeusi za zamani, hazina, na mafundi huyafunika kwa kibati chenye tundu la sindano. Tangu hapo sindano inapanda na kushuka palepale, na kitambaa kinakaa pale ulipokiweka. Ukikisogeza mbele, mshono unakwenda mbele. Ukikirudisha, unarudi. Unaweza kuandika jina, kuchora jani, kuzunguka kama konokono. Uhuru huo una bei: kazi ambayo meno yalikuwa yakiifanya kwa kipimo kimoja, bila kuchoka, imehamia mikononi mwa mtu ambaye mikono yake haijawahi kuifanya hata siku moja.

Tupige hesabu kidogo. Tuseme sindano inapiga mara 400 kwa dakika, na unataka mishono ya milimita 2. Mikono yako inapaswa kusafirisha kitambaa milimita 800 katika dakika hiyo, yaani sentimita 80, kwa mwendo usiobadilika. Mikono ikichelewa kidogo, mishono inarundikana mpaka kitambaa kinakuwa kigumu kama ngozi, na uzi unakatika. Mikono ikikimbia, mishono inakuwa mirefu kama ya kushonea gunia. Sasa ongeza pedali. Wengi wetu tunatumia mashine za miguu, na tunamshukuru Mungu kwa hilo, maana mwishoni mwa Januari 2025 umeme ulipokatika mjini, mashine za miguu ziliendelea kuzunguka. Lakini mguu wa mwanafunzi haupigi 400 kwa dakika moja na 400 kwa dakika inayofuata. Anapoona kona ngumu inakuja, mguu unasita, mikono haisiti. Au mikono inaganda kwa hofu na mguu unaendelea. Kila mshono mbaya unaoonekana kwenye kitambaa ni mahali ambapo mguu na mkono viliachana. Hakuna kipawa ndani ya hesabu hiyo. Ni viungo viwili vinavyojifunza kusikilizana, na jambo hilo huchukua saa nyingi kwa kila mtu, hata kwa mwalimu alipoanza.

Kuna shida nyingine ya pedali ambayo haielezwi vya kutosha. Gurudumu la mashine lina upande wake wa kuzunguka. Mwanafunzi akisimama katikati ya ua na kuanza tena kwa haraka, gurudumu linaweza kuanza kinyume, na hapo nyuzi zinajisokota ndani na kukatika. Dawa yake ni ndogo: kabla ya kukanyaga, ligeuze gurudumu kwa mkono wa kulia kuelekea kwako, kisha mguu ufuate. Wanafunzi wanaoanza na pedali tupu, bila uzi na bila kitambaa, kwa siku mbili au tatu, wanavuka shida hii mapema. Inachosha, na watoto wanaopita dirishani wanacheka. Lakini inafaa.

Kiota cha nyuzi kinastahili maneno yake, kwa sababu ndicho kinachowaliza watu. Katika kazi hii mguu wa mashine haukandamizi kitambaa, na wengine huutoa kabisa na kutumia duara la mbao ili kitambaa kikazwe kama ngoma. Kwa hiyo mwanafunzi anaona hakuna haja ya kushusha ule mkono mdogo wa nyuma unaoinua na kushusha mguu. Hajui kwamba mkono huo una kazi mbili. Ukiwa juu, visahani vinavyobana uzi wa juu huwa vimefunguka. Uzi unashuka bila kushikwa, unajaa chini, na kiota kinatengenezwa. Ushushe mkono hata kama hakuna mguu wowote pale. Halafu kabla ya kuanza, piga sindano mara moja, vuta uzi wa bobini uje juu, na uzishike nyuzi zote mbili kwa vidole mpaka umeshona mishono michache. Tumeona mama akipambana na viota kwa siku nne, na baada ya maelezo haya havikurudi asubuhi nzima. Alicheka mwenyewe, halafu akakasirika kwamba hakuambiwa mapema. Alikuwa na haki.

Kosa lingine husomeka upande wa chini. Ukikuta vitanzi vidogo kama kope za jicho kwenye kona za mviringo, mkono ulikimbia kwenye kona. Vitanzi vikiwa kila mahali, uzi wa juu umelegea. Ukiona vidoti vya uzi wa bobini vimejitokeza juu, uzi wa juu umebana mno. Sindano ikivunjika, mara nyingi ni kwa sababu kitambaa kilivutwa wakati sindano ingali chini: inapinda, inagonga chuma, inakatika. Kwa tabaka tatu, tafuta sindano namba 90 au 100, maana nyembamba haitavumilia blanketi. Uzi wa bei rahisi usio na nguvu nao una hatia yake, na kabla ya kumlaumu mtu, mwalimu aukate uzi kwa mkono aone unakatika kwa urahisi gani.

Macho nayo hufundishwa. Mwanafunzi hukodolea sindano, na hilo linaeleweka, anaogopa vidole vyake. Lakini sindano haiendi popote. Kinachohitaji kuonwa ni njia iliyo mbele. Hapa Goma tuna mfano mzuri kuliko wowote wa kwenye vitabu: kijana anayeteremka kutoka Kibumba na chukudu iliyojaa viazi. Hatazami gurudumu la mbele. Akilitazama ameanguka. Anatazama shimo lililo mbali kidogo, na mwili wake unaanza kuligeukia kabla hajalifikia. Mshonaji hufanya vilevile: anatazama mahali ua litakapofika, na vidole vinakileta kitambaa hapo. Waambie wamama hivi na mabega yanashuka mara moja, maana kila mmoja amewahi kumpisha kijana wa chukudu barabarani.

Wengi hupata msaada kwa kuanza na kalamu. Chukua karatasi, weka kalamu chini, na uchore mstari unaozunguka kama mto, bila kuinua kalamu na bila mstari kujikata. Jaza ukurasa. Kesho jaza mwingine. Baadaye andika herufi «e» zilizofungamana, mstari mzima, kisha majani yaliyounganishwa kwa kikonyo. Karatasi iliyotumika upande mmoja inatosha, na kila ofisi ya parokia inayo. Mkono ukishaijua njia, mashine inabaki na jambo moja tu la kufundisha, yaani mwendo. Ukifika kwenye tabaka tatu, zishike kwanza kwa mishono mikubwa ya mkono, kila upana wa kiganja, na uanze kushona katikati ukielekea pembeni. Ukianza pembeni, kitambaa kinasukumwa kuelekea katikati na kufanya mkunjo ambao hautoki tena.

Hapa ndipo tunataka kusema na kamati.

Parokia nyingi zinapanga masomo ya ushonaji kwa miezi sita, na katika ripoti kuna mstari unaoitwa vitu vilivyotengenezwa. Kamati inataka kuona mifuko, sare, vitambaa vya meza. Tunaelewa. Tangu benki za mji zilipofungwa mwishoni mwa Januari 2025, fedha taslimu imekuwa ngumu kupatikana, na kila mita ya kitambaa inahesabiwa. Matokeo yake, mwanafunzi anapewa kitambaa kizuri mapema mno na kuambiwa asikiharibu. Mtu anayeogopa kuharibu kitambaa anakaza mabega, mguu unasita, na tumeshaeleza mguu ukisita nini kinatokea. Anaharibu. Anakaripiwa. Anaondoka, na pamoja naye inaondoka miezi minne ambayo kanisa limeshailipia. Hasara hiyo haiandikwi kwenye ripoti, kwa sababu mstari wake haupo.

Kwa maoni yetu, kila mwanafunzi apewe rundo la vitambaa vya kuharibu, na liitwe hivyo bila aibu. Vipande vya mitumba isiyovalika, mashuka yaliyochanika, magunia laini ya unga yaliyofuliwa, mabaki chini ya meza ya fundi. Hesabu ya uzi wa kujifunzia iingie kwenye bajeti tangu mwanzo kama tunavyoweka chaki kwenye bajeti ya shule. Mwalimu wa hesabu haulizwi chaki imezaa nini. Na vipande hivyo visitupwe: viandikwe tarehe na kuwekwa kwenye bahasha ya mwanafunzi. Siku anaposema haendi mbele, mwalimu atoe kipande cha juma la pili akiweke kando ya kile cha juma la sita. Hakuna hotuba inayofanya kazi hiyo vizuri zaidi.

Wengine watauliza kama kanisa lina muda wa mambo ya maua kwenye shingo ya nguo wakati watu hawana chakula. Jibu la kwanza ni la soko: mshonaji wa kawaida mjini wako wengi, na anayejua brodri anapata kazi ya harusi na ya kwaya ambayo wengine hawaipati. Jibu la pili liko katika Kutoka sura ya 35. Wana wa Israeli walikuwa jangwani, hawana mji wala shamba, na huko ndiko Musa alipotangaza kwamba Mungu amewajaza Bezaleli wa kabila la Yuda na Oholiabu wa kabila la Dani hekima ya kazi za mikono, taraza ikiwa miongoni mwake. Mara nyingi tunasoma hapo na kusimama kwenye kipawa. Sura hiyo inaongeza kwamba walipewa pia moyo wa kufundisha wengine. Ikiwa kazi ile ilihitaji kufundishwa, basi walikuwako pale jangwani watu waliokuwa hawaijui bado, na bila shaka mikono yao ya kwanza ilikuwa kama ya wanafunzi wetu.

Wala tusidhani ni kazi ya kigeni. Kule Kasai, wanawake wa Kuba wamedarizi nguo za rafia kwa vizazi vingi, na kwa kawaida hawachori kwanza. Mchoro uko kichwani, na mkono unaufuata, ukibadilisha njia mahali unapoona inafaa. Nguo zao ziko katika makumbusho ya Ulaya na Marekani. Anayefikiri kwamba mstari uliobadilika katikati ni kasoro azitazame siku moja.

Juu ya bei, tunamtaja Harriet Powers, mwanamke aliyezaliwa utumwani huko Georgia, Marekani, mwaka 1837. Baada ya utumwa kukomeshwa alishona blanketi la vipande lenye picha za hadithi za Biblia, kwa mkono na kwa mashine pia, na mwaka 1886 lilionyeshwa kwenye maonyesho ya mji wa Athens katika jimbo hilo. Mwalimu mmoja wa sanaa, Jennie Smith, alitaka kulinunua, naye akakataa. Miaka michache baadaye hali ikawa ngumu nyumbani. Akaomba dola 10, akapata 5. Leo blanketi hilo linatunzwa na Smithsonian mjini Washington, na lingine alilolishona baadaye liko kwenye makumbusho ya sanaa ya Boston. Wamama wetu nao huuza siku ya njaa. Kwa hiyo chumba cha ushonaji kiwe na daftari la saa: shuka hii ilichukua siku ngapi, uzi kiasi gani. Mnunuzi akija, bei ianzie kwenye daftari, isianzie kwenye njaa ya aliyeishona.

Hapa mjini wako waliotutangulia. Katika hospitali ya HEAL Africa, wanawake waliokuwa wakisubiri matibabu wamefundishwa ushonaji kwa miaka mingi, na mtu anayesubiri ana kitu ambacho kamati zetu huwanyima wanafunzi, nacho ni muda. Tungependa walimu wa parokia watembeleane zaidi na vituo vya namna hiyo.

Kwa zamu mpya ya masomo, vyumba vya ushonaji vinahitaji mabaki ya vitambaa kuliko mashine. Parokia zenye mashuka yaliyochakaa, mapazia ya zamani au sare za kwaya zisizovaliwa tena ziyafue na kuyakausha vizuri, kwa maana vumbi la volkano linakula sindano na kuingia kwenye bobini, kisha ziyakabidhi kwa mama msimamizi wa ushonaji. Yakatwe vipande vya mraba vya kiganja viwili kwa viwili. Vifungo na zipu vitolewe kwanza na kuwekwa kwenye kopo, maana navyo vina kazi.